Kanda za Harusini na Tatizo la Lebo

Uhakiki wa ushairi wa Kiswahili vyuoni mwetu umeegemea mno diwani zilizochapishwa. Katika makala haya mafupi tunakusudia kutazama hazina nyingine, nayo ni kaseti za taarabu zilizorekodiwa harusini Mombasa, hususan za Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014. Kaseti hizo zilinakiliwa madukani, zikaazimwa, zikabadilishwa mkono kwa mkono.

Tuanze na sifa yake. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, santuri ya wakati ule ilibeba dakika tatu hivi kila upande, na wimbo ulipaswa kutosha humo. Harusini hakuna saa ya kumhimiza mwimbaji. Katika kaseti ya dakika 60 au 90 tunasikia mshororo ukirudiwa, ala zikipewa nafasi yake, na wasikilizaji wakishangilia neno lililowagusa, wengine wakiinuka kumtunza mwimbaji. Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi, makelele hayo ni sehemu ya matini.

Kuna pia suala la lahaja. Wanafunzi wetu hapa Kigali, waliojifunza Kiswahili sanifu, wakikuta "mato" mahali pa "macho", au "ndia" mahali pa "njia", hudhani mpiga chapa kakosea. Wakiyasikia maneno hayohayo kinywani mwa Mmvita, ubishi huisha. (Nasi tuliolelewa katika Kinyarwanda, ambao /r/ na /l/ hutusumbua, tunahitaji zoezi la sikio kuliko tunavyopenda kukiri.)

Kasoro yake ni lebo. Nakala nyingi tulizopata kuziona zina jina la mwimbaji na namba, basi. Hazina tarehe wala mji na, baya zaidi, hazina jina la mtunzi. Nyimbo nyingi za Juma Bhalo zilitungwa na jamaa yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, yuleyule wa diwani ya Malenga wa Mvita (1971). Mhakiki asiyelijua hilo atachambua "mtindo wa Bhalo" kurasa ishirini, kumbe anamsifu Bhalo mwingine! Tena wimbo mmoja ukiimbwa katika harusi mbili kwa maneno tofauti, bila tarehe hatuwezi kusema yapi yalitangulia.

Wapo watakaosema kwamba wanakili walikuwa wafanyabiashara, si wanazuoni. Udhuru huo hautoshi. Mashabiki wa muziki wa panki huko Ulaya na Marekani, na wale wa Grateful Dead, kundi ambalo mwaka 1984 liliwatengea warekodi sehemu yao ukumbini, nao hawakuwa wanazuoni. Hata hivyo, desturi yao katika kubadilishana kanda ilikuwa kuandika tarehe, ukumbi na orodha ya nyimbo. Kanda isiyo na maelezo hayo haikuwa na thamani kubwa kwao.

Siku hizi kaseti zinahamishiwa kwenye simu, na hata yale maandishi machache ya kalamu kwenye jalada yanabaki nyuma. Mwenye kaseti nyumbani, iwe Nyamirambo au kwingineko, tunamwomba aandike anachokumbuka kabla ya kuihamisha: aliipata wapi, mwaka gani, na nani alisemekana kuwa mtunzi. Nao wanafunzi wanaoandaa tasnifu waelewe kwamba rejeo la "Juma Bhalo, kaseti namba 7" peke yake tutalirudisha.