Silabi, Ajali na Upendeleo: Uhakiki wa Istilahi za Saikolojia ya Kumbukumbu

Miongoni mwa taaluma ambazo Kiswahili kimezipokea upesi kuliko kilivyozipima, saikolojia ni mojawapo. Tafsiri nyingi za masomo haya zimefanywa kwa kutafuta neno moja la Kiswahili kwa kila neno moja la kigeni. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa kutumia majaribio matatu mashuhuri, kwamba njia hiyo huweza kulifuta jaribio lenyewe.

Tuanze na Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyechapisha utafiti wake mwaka 1885. Alijifunza mwenyewe orodha za vipande vya sauti visivyo na maana, akapima kiasi cha kazi alichookoa alipojifunza upya orodha ile ile. Baada ya dakika 20 aliokoa takriban asilimia 58. Baada ya siku moja, takriban asilimia 34. Kipimo hiki wengine wamekiita akiba, na neno hilo lafaa sana, kwani hueleza kilichosalia baada ya matumizi. Kasoro imo katika neno silabi. Vipande vya Ebbinghaus vilikuwa konsonanti, irabu, kisha konsonanti. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, na si rahisi kuikuta iliyo tupu: ki, tu, wa na ni zote zina kazi katika sarufi. Mwalimu atakayelirudia jaribio hili darasani kwa silabi zetu atakuwa amerudisha mlangoni ile maana ambayo Ebbinghaus aliitoa kwa makusudi. Heri kusema wazi: vipande vya sauti tupu.

Jaribio la pili lahusu lugha moja kwa moja. Mwaka 1974, Elizabeth Loftus na John Palmer, wa Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani, waliwaonyesha wanafunzi 45 filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza mwendo wa magari hayo. Swali lilikuwa moja, ila kitenzi kilibadilishwa. Walioulizwa kwa kitenzi kikali kuliko vyote walikadiria wastani wa zaidi kidogo ya maili 40 kwa saa. Walioulizwa kwa kitenzi cha kugusana, maili 31.8. Katika jaribio lililofuata, wanafunzi 150 waliulizwa baada ya wiki moja kama waliona vioo vilivyovunjika. Filamu haikuwa na vioo hivyo. Kati ya 50 waliosikia kitenzi kikali, 16 walijibu ndiyo. Kati ya 50 waliosikia kitenzi cha kawaida, 7. Na kati ya 50 ambao hawakuulizwa habari za mwendo, 6.

Mtafsiri afanye nini hapa? Kwetu magari hugongana tu, ajali iwe ndogo au kubwa. Akiandika yalipogongana kila mahali, atabakiwa na tarakimu zisizo na sababu. Kiswahili kina ngazi zake: kupondana, kugongana, kukumbana, kupigana vikumbo, kugusana. Lakini tusidhani kwamba ngazi hizo zimelingana na zile za Kiingereza. Zile maili 40 na ushei ni mali ya kitenzi cha Kiingereza, na kitabu chetu hakina budi kulisema jambo hilo waziwazi, mpaka vitenzi vyetu vitakapopimwa kwa wasemaji wetu.

Suala hili halimhusu mwalimu peke yake. Mwaka 2021 sheria ya Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Shahidi huulizwa kwa Kiswahili, na majibu yake huandikwa na kuwa kumbukumbu za mahakama. Neno hilo hilo, kumbukumbu, ndilo tunalolitumia kwa yaliyomo kichwani mwake. Ni rahisi basi kudhani kwamba shahidi anafungua jalada na kusoma kilichoandikwa humo, ilhali jaribio la Loftus na Palmer laonyesha kwamba swali lenyewe huweza kutia jambo jipya katika yale anayoyakumbuka. Napendekeza tutenganishe: kumbukumbu iwe kile kinachohifadhiwa, na ukumbukaji uwe tendo la kukijenga upya. Anayesema ukumbukaji wa shahidi amekwisha kukiri kwamba kuna kazi inayofanyika, na kazi huweza kuharibika.

La tatu ni neno upendeleo. Amos Tversky na Daniel Kahneman, katika makala yao ya mwaka 1974, walieleza jinsi watu walivyozungushiwa gurudumu la namba, kisha wakatakiwa kukisia nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Waliopata 10 kwenye gurudumu walikisia 25 kwa kadirio la kati. Waliopata 65 walikisia 45. Hata malipo kwa waliokaribia ukweli hayakuipunguza athari hiyo. Kuliita kosa hili upendeleo ni kumhukumu mtu asiye na hatia. Anayependelea humjua anayempendelea, naye huweza kuacha akitaka. Huyu hakumpendelea yeyote, na hata fedha hazikumsaidia kuacha. Mwanafunzi akifundishwa neno hili ataamini kwamba mtu mwadilifu hapatikani na kosa hilo, na imani hiyo ni hatari kwa hakimu na mganga pia.

Wengine wametumia mwelekeo, lakini neno hilo lina kazi nyingi tayari. Napendekeza mwegemeo: mti huegemea upande bila kukusudia, na kiasi chake huweza kupimwa. Upendeleo ubaki pale penye kupendelea kweli, kama vile mtu kuwafaa wa kundi lake.

Ikumbukwe kwamba istilahi mbovu haikai kitabuni tu. Humfundisha mtu namna ya kumhukumu mwenzake. Tunawaomba walimu wa saikolojia, watafsiri na wanasheria wayapime mapendekezo haya katika kazi zao, na kutuletea maoni kabla maneno hayajazoeleka kiasi cha kutorekebishika.