Jina la fonti husafiri, fonti hubaki nyumbani

Kijitabu kilikuwa cha kurasa 24: hadithi saba fupi za watoto wanaoanza kusoma, kila neno gumu na picha yake pembeni. Nilikipanga nyumbani kwa wiki mbili, nikakitia kwenye flashi, nikaenda nacho kwenye duka la uchapaji. Kijana wa pale akakifungua, akaniuliza, "Mzee, ni kurasa 19, siyo?" Nikainama kwenye kioo chake. Picha ya mbuzi ilikuwa imekaa kando ya neno "mtumbwi". Herufi zote zilikuwa zile nyembamba za Times New Roman, zenye vikucha miguuni. Lakini juu, kwenye kisanduku cha jina la fonti, paliandikwa Andika, vilevile nilivyoacha nyumbani.

Kisanduku hicho kinawapoteza wengi. Faili la Word kwa kawaida halibebi umbo la herufi. Linabeba maneno na maagizo: hapa itumike fonti iitwayo Andika, ukubwa wa 18. Maumbo yenyewe yamo katika faili jingine, lenye mkia wa .ttf au .otf, lililokaa ndani ya kompyuta yako. Word ikifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na faili hilo, haigomi. Inachukua fonti nyingine na kuliacha jina la kwanza palepale. Na kwa kuwa kila fonti ina upana wake, mistari inakatika kwingine, aya zinafupika, picha zinazifuata aya. Andika ni pana na mistari yake imeachana sana, Times imebanana. Kurasa zangu tano zilipotelea hapo.

Walio na Linux wanalijua tatizo hili zamani, na dawa waliyoitafuta inaeleza mengi. Fonti iitwayo Liberation Serif imepimwa ili kila herufi iwe na upana uleule wa Times New Roman, na Carlito imepimwa kwa Calibri. Barua iliyoandikwa kwa Calibri ikifunguliwa kwa Carlito, sura inabadilika kidogo ila mistari inakatika palepale. Kwa Andika sikuwa na pacha wa namna hiyo.

Ningeweza kukubali Times na kupanga upya. Sikukubali, kwa sababu ya watoto. Andika, ambayo jina lake limetoka kwenye Kiswahili chetu, ilitengenezwa na shirika la SIL mahususi kwa wanaojifunza kusoma. Chapa neno "Ilala" kwa Arial ulitazame: I kubwa na l ndogo ni vijiti viwili, na mtoto wa miaka sita hana njia ya kujua kipi ni kipi. Kwenye Andika, I kubwa ina vikono juu na chini, l ndogo ina mkia uliopinda. Herufi a ni duara na kijiti, kama mwalimu anavyoichora ubaoni. Haina ile kofia ya a ya magazetini ambayo hakuna mtoto anayefundishwa kuiandika. Mtoto anayefuata maneno kwa kidole anastahili kukutana kitabuni na herufi ileile aliyoiandika asubuhi.

Basi nikarudi nyumbani, nikaanza tangu mwanzo, safari hii kwa utaratibu.

Fonti ya SIL unaipakua ikiwa imefungwa kwenye zipu. Itoe kwanza kwenye zipu, uiweke katika folda ya kawaida, ndipo uisakinishe. Ndani utakuta pia folda ya faili za .woff2, ambazo ni za tovuti na Windows haizisakinishi, achana nazo. Unazozihitaji ni nne: ya kawaida, nzito, ya mlazo, na nzito ya mlazo. Mara ya kwanza nilisakinisha ile ya kawaida tu, nikaona inatosha. Haitoshi. Ukibofya alama ya herufi nzito wakati faili la herufi nzito halipo, Word inainenepesha herufi nyembamba kwa nguvu, na matundu ya a na e yanazibika. Vichwa vya hadithi zangu zote vilikuwa na kasoro hiyo na sikuwa nimeiona mpaka nilipovichapa kwenye karatasi.

Chagua faili zote nne kwa pamoja, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, kisha sakinisha. Hapa Windows inakupa njia mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Tangu Windows 10 ya mwaka 2018, mtu anaweza kusakinisha fonti kwa akaunti yake peke yake bila ruhusa ya msimamizi. Faili zinaingia ndani ya folda yake binafsi. Ukichagua kusakinisha kwa watumiaji wote, zinakwenda C:\Windows\Fonts na kila akaunti inaziona. Nyumbani kwetu kompyuta ni moja na akaunti ni tatu. Binti yangu, aliyekuwa akinisaidia kupanga picha, alikuwa akifungua kijitabu hichohicho kwenye kompyuta hiyohiyo na kuona Times. Tukawa tunabishana kuhusu picha zilizohama, kumbe kila mmoja anatazama kurasa tofauti. Kwa kompyuta ya familia, ya shule au ya ofisi, sakinisha kwa wote. Kisha funga Word na uifungue tena.

Kwenye Mac kazi hii hufanywa na programu ya Font Book, na ina jambo moja zuri: fonti ikiwa imesakinishwa mara mbili inakuonya. Kwenye Linux unaziweka faili katika ~/.local/share/fonts, unaendesha amri ya fc-cache -f, basi. Rafiki yangu anayechapa hadithi za Gĩkũyũ anafaidi zaidi huko, maana ĩ na ũ hazimo katika fonti nyingi za mapambo; anaandika fc-list ':charset=0129' na kuletewa orodha ya fonti zenye ĩ pekee.

Sisi wa Kiswahili tunajiona tuko salama, kwa kuwa herufi zetu ni zile za kawaida zisizo na vitone wala mawimbi. Ipo alama moja inayotuangusha: ritifaa ya ng'. Nilikuwa nimepakua fonti ya mapambo kwa ajili ya jalada, nikaandika jina la hadithi ya kwanza, lenye neno ng'ombe. Ukibonyeza ritifaa, Word huigeuza yenyewe kutoka kijiti kilichonyooka kuwa mkia uliopinda. Kwa kompyuta, hizo ni alama mbili tofauti, zenye namba tofauti. Fonti yangu ya mapambo ilikuwa na kijiti tu. Ule mkia haikuwa nao. Word ikauazima kwenye fonti nyingine. Nilipokuza jalada mara nne nikaona: n na g nene zenye mviringo, ombe nene zenye mviringo, na katikati yake kialama chembamba, kikavu, kilichoelea juu kidogo kuliko kinavyopaswa. Niliirudisha ritifaa iliyonyooka kwa kubonyeza Ctrl na Z mara tu Word ilipoigeuza, na neno likawa moja tena. Tangu siku hiyo, kabla ya kuikubali fonti yoyote naipima kwa neno "ng'ong'ona".

Kuna pia suala la mistari iliyoachana. Andika imeacha nafasi kubwa juu na chini kwa ajili ya lugha zinazorundika alama juu ya herufi. Kiswahili hakina haja nayo. Niliondoa nafasi ya kawaida ya mistari, nikaandika kipimo kamili cha pointi 26 kwa herufi za 18. Faida ya pili ni kwamba kimo cha mstari sasa kinafuata kipimo changu, wala fonti ikibadilika hakibadiliki.

Halafu nikafagia. Miaka ya kupakua ovyo ilikuwa imenijazia orodha, na fonti mbili kati yake zilikuwemo kwa matoleo mawili, jina moja, upana tofauti kidogo. Hali hiyo ni mbaya kuliko kukosa fonti, maana huwezi kujua ni toleo gani linatumika. Niliondoa yote mawili, nikafunga programu zote, nikasakinisha jipya peke yake. Nikafuta na nyingine nisizozitumia. Segoe UI usiiguse. Ndiyo inayoandika menyu za Windows zenyewe.

Kilichobaki kilikuwa kuifungasha fonti ili isafiri. Word ina mpangilio, katika sehemu ya kuhifadhi, wa kuzitia fonti ndani ya faili, mradi mtengenezaji ameruhusu. Zipo fonti ambazo ndani yake zimewekewa alama ya kukataza. Andika iko chini ya leseni huria ya SIL, inayoruhusu kuitumia, kuitia ndani ya hati, hata kumpa mwenzako, ila si kuiuza peke yake. Kwa uchapaji, hata hivyo, naamini PDF kuliko Word. Nilihifadhi kama PDF, nikaifungua kwenye Adobe Reader, nikaenda kwenye sifa za hati, ukurasa wa fonti. Kila jina pale lazima liambatane na maelezo kwamba fonti imetiwa ndani. Moja likikosa, usitoke nyumbani.

Kwenye flashi niliweka folda moja: PDF, faili la Word, faili za fonti zote, na faili la leseni lililokuja nazo. Kijana akafungua PDF. Kurasa 24. Nikamwomba aende ukurasa wenye hadithi ya ng'ombe, akuze mpaka neno lijaze kioo.

"Hii alama ndiyo unaitafuta, mzee?"

"Ndiyo hiyo, mwanangu. Chapa nakala moja kwanza."