Mchanga Mweusi wa Ugweno

Wahunzi wa Mamba, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, siku hizi hufua mikuki na majembe kwa vyuma chakavu. Zamani chuma kilitoka Ugweno, Upare Kaskazini. Masimulizi aliyoyakusanya mwanahistoria Isaria Kimambo yanasema huko ukoo wa Washana ulishika ufundi wa chuma pamoja na utawala, hadi ukoo wa Wasuya ulipowapindua. Watu husifu nyundo ya mhunzi. Mimi nalisifu zaidi tanuri.

Madini yenyewe yalikuwa mchanga mweusi wa vijitoni. Ukiuosha, maji hubeba mchanga mweupe ulio mwepesi na kuacha magnetaiti, madini mazito ya chuma. Tatizo ni metali nyingine, titani. Ilmenaiti, madini yanayoibeba, ina uzito unaokaribia wa magnetaiti, na titani nyingine imo ndani ya punje zilezile za chuma, kwa hiyo maji hayaiondoi. Inaingia tanurini na chuma.

Humo mivukuto husukuma hewa kupitia mirija ya udongo. Makaa yanayoungua kwa hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, na gesi hiyo huipokonya magnetaiti oksijeni yake. Tanuri la namna hii hufika nyuzi 1,200 hivi za Selsiasi, nacho chuma huyeyuka kwa 1,538. Ndiyo maana hakimiminiki, bali hujikusanya kuwa bonge lenye vitundu vitundu. Kinachoyeyuka ni uchafu uitwao mavi ya chuma. Titani hung'ang'ania oksijeni kuliko chuma, makaa hayaiwezi kwa joto hilo, basi hutoka na mavi hayo. Bonge hupigwa lingali jekundu mpaka uchafu uliosalia uruke.

Chuma kingi kilipotea pamoja na mavi, lakini hasara hiyo ilikuwa na kazi: chuma kilichobaki kwenye mavi ndicho kilichoyafanya yatiririke. Tanuri refu la kisasa hukomba karibu chuma chote, na kwa ukali wa moto wake titani huanza kugeuka chembe ngumu za kabidi; mavi huwa mazito kama ugali na kuziba njia. Magnetaiti ya Liganga, Ludewa, ina titani na vanadi, hivyo mwenye kuiyeyusha lazima aanze na tatizo hilo la titani. Richards Bay, Afrika Kusini, ilmenaiti huyeyushwa kwa tanuri la umeme: chuma humiminwa kando, na mavi yenye titani ndiyo bidhaa kuu inayouzwa.

Titani yenyewe ikiwa metali haitoki kwa makaa. Njia ya mtaalamu wa metali William Kroll, iliyokamilika kufikia 1940, huigeuza kwanza kwa klorini, kisha magnesi ndiyo huiachilia.