Steinbeck, Mbwa Wake na Ukweli wa Msafiri

Mwezi wa Septemba 1960, John Steinbeck, akiwa na umri wa miaka 58, aliondoka kwake Sag Harbor, mwambao wa Atlantiki, pamoja na mbwa wake mzee Charley, ndani ya gari lililojengewa kijumba mgongoni chenye kitanda na jiko. Gari akaliita Rocinante, jina la farasi wa Don Quixote. Travels with Charley kilitoka mwaka 1962, ule ule aliotunukiwa Nobel, na kwa muda mrefu kilisomwa kama ushahidi wa mtu aliyeona kwa macho yake.

Msemapweke hakosi. Mwaka 2010 mwandishi wa habari Bill Steigerwald aliifuata njia ile, akaupekua na mswada wa kwanza. Aliyoyakuta hayakupendeza: Steinbeck hakulala garini mara nyingi kama anavyodokeza, na mwambao wa Pasifiki alikuwa na mkewe, Elaine. Mswadani yumo, kitabuni kafutwa. Toleo la 2012 lina utangulizi wa Jay Parini unaomtahadharisha msomaji asiyachukue yote kuwa ni habari kamili.

Kosa hili si dogo. Riwaya ina ruhusa ya kubuni; masimulizi ya safari hayana, ila msomaji akiarifiwa. Ukikisoma tena kitabu, hata watu wa njiani wanatia shaka: kila mmoja hutamka kwa ufasaha lile hasa ambalo sura inalihitaji.

Zilizobaki imara ni kurasa za wanyama. Katika hifadhi ya Yellowstone Steinbeck anamhakikishia askari wa getini kwamba Charley ni mpole, hana ugomvi na dubu. Dubu anapotokea barabarani, mpole huyo anapandwa na wazimu, anabweka na kutaka kutoka garini akapigane, hata bwana wake hana budi kugeuza gari. Mwandishi kaumbuliwa na mbwa wake, na hilo halitumikii hoja yake yoyote.

Katika jangwa la Mojave ni zaidi. Anawaona koyoti wawili, jamaa za mbweha, anawalenga kwa bunduki yenye darubini. Amezoea kuambiwa kuwa hao ni wezi wa kuku. Lakini jangwani kuku wako wapi? Sababu ya kuua anaitafuta, haioni. Anaishusha bunduki, anafungua makopo mawili ya chakula cha mbwa, anawaachia. Shahidi hapana, na huenda hili nalo limetiwa chumvi. Ila hapa mtu anabishana na nafsi yake, na anashindwa.

Zilizoharibika kabisa ni kurasa za Pasifiki. Steinbeck anarudi pande za Salinas na Monterey, alikozaliwa na kukulia, na msomaji anaombwa ahuzunike na mzee mpweke ambaye kijiji chake hakimjui tena. Huzuni yenyewe huenda ni ya kweli. Angeweza kuihuzunika mbele ya Elaine, na kurasa hizo zingekuwa ngumu zaidi kuandika.