Mcheza Kwao Hutunzwa: Hakuho na Hukumu ya Wenyeji

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakutuambia atendewe nini yule achezaye ugenini, akawashinda wenyeji katika mchezo wao wenyewe, kisha akaketi katika kiti chao cha juu kwa miaka 14. Swali hilo ndilo kiini cha maisha ya ulingoni ya Hakuho, mpiga mieleka wa Kimongolia aliyeshika cheo cha juu kabisa cha sumo nchini Japani tangu mwaka 2007 hadi 2021. Wengi wameandika juu ya hesabu ya ushindi wake. Makala haya yanakusudia kuihakiki hukumu aliyopewa: kwamba alikuwa na nguvu zote za bingwa, lakini alipungukiwa na kile ambacho Wajapani hukiita hinkaku.

Kwanza yafaa tuueleze mchezo wenyewe. Ulingo wa sumo ni duara la udongo lenye kipenyo cha mita 4.55. Anayetolewa nje ya duara, au anayegusa chini kwa kiungo chochote isipokuwa nyayo, ameshindwa. Mashindano makuu hufanywa mara 6 kwa mwaka, na kila moja huchukua siku 15. Mwenye kushinda zaidi ya kushindwa hupanda cheo. Mwenye kushindwa zaidi hushuka. Juu yao wote yuko yokozuna, naye hashuki kamwe. Akidhoofika, hana njia ila kustaafu. Kwa kuwa hesabu haiwezi kumshusha, yokozuna hupimwa pia kwa mwenendo, na hapo ndipo neno hinkaku linapoingia. Kwa Kiswahili twaweza kulikaribia kwa maneno murua, staha na haiba, ingawa hakuna hata moja linalolitosheleza.

Hakuho alizaliwa Ulaanbaatar mwaka 1985, na jina lake la kwao ni Mönkhbatyn Davaajargal. Baba yake alikuwa bingwa wa mieleka ya jadi ya Mongolia, na mwaka 1968 alipata medali ya fedha katika Olimpiki ya Mexico. Hata hivyo, mtoto alipofika Japani mwaka 2000, akiwa na umri wa miaka 15 na uzito wa kilo 62 tu, hakuna aliyemtamani. Sumo hufunzwa katika nyumba ambamo wanafunzi huishi na mwalimu wao, na nyumba baada ya nyumba zilimkataa. Alikuwa karibu kurudi kwao alipopokewa na nyumba ya Miyagino. Katika shindano lake la kwanza la daraja, mwaka 2001, alishinda mara 3 na kushindwa mara 4.

Yaliyofuata yanajulikana. Aliingia daraja la juu mwaka 2004, akatwaa ubingwa wa kwanza mwaka 2006, na mwaka 2007 akawa yokozuna wa 69. Mwaka 2010 alishinda mapambano 63 mfululizo, akikaribia rekodi ya Futabayama ya mapambano 69 iliyokoma mwaka 1939. Alipostaafu mwaka 2021 alikuwa na ubingwa mara 45 na ushindi 1,187. Taiho, aliyekuwa kipimo cha ukuu kabla yake, aliupata ubingwa mara 32.

Mhakiki anayeitazama kazi hii kwa makini ataona vipindi viwili. Katika kipindi cha kwanza Hakuho alimpokea mpinzani kifua kwa kifua, mkono wa kulia ukipenya ndani na wa kushoto ukishika mkanda kwa nje, kisha akasonga mbele pasipo papara. Katika kipindi cha pili, umri ulipomwelemea, alizoea kufungua pambano kwa kofi la uso na pigo la mkono uliokunjwa. Sheria za sumo hazikatazi lolote kati ya hayo mawili. Walakini washauri wanaosimamia heshima ya yokozuna walilalamika. Aidha, mwaka 2017, baada ya kushindwa na Yoshikaze, alisimama chini ya ulingo kwa muda wa kama dakika moja akidai pambano lirudiwe. Na mwaka 2019 alikemewa kwa kuwaongoza watazamaji kupiga makofi ya kufunga sherehe kabla sherehe yenyewe haijamalizika.

Basi wako waliosema: tungetarajia nini kwa mgeni? Maneno hayo hayasimami mbele ya ushahidi. Futahaguro alikuwa Mjapani. Alipewa cheo cha yokozuna mwaka 1986 bila ya kuwa na ubingwa hata mmoja, naye akaondoka mwaka uliofuata kufuatia ugomvi na mwalimu wake. Wala hakuna aliyedai kwamba kosa lake lilitokana na kuzaliwa Japani. Kwa upande mwingine, Taiho, ambaye Wajapani wenyewe walimfanya kielelezo cha yokozuna kamili, alikuwa na baba Mukraine. Ikiwa damu ya kigeni haikumpunguzia Taiho murua, itampunguziaje Hakuho?

Maoni yetu ni kwamba kasoro ya Hakuho ilikuwa ya kweli, bali chanzo chake hakikuwa asili yake. Mwili ulizeeka, goti likapasuliwa, na fundi akachagua njia fupi. Katika pambano lake la mwisho, Julai 2021, yeye na Terunofuji waliingia ulingoni wote wawili wakiwa hawajashindwa kwa siku 14. Hakuho alipiga kofi, akapiga kwa mkono, akashinda. Ushindi ule ulikuwa halali na wa kishujaa, lakini ukiuweka kando ya mapambano yake ya mwaka 2010, utaona kwamba aliyepunjwa kwa makofi yale ni Hakuho wa awali. Hiyo ndiyo lawama ya haki kwa msanii: kupimwa kwa kazi yake mwenyewe iliyo bora zaidi.

Si lazima tumtetee katika kila jambo. Mwaka 2019 alichukua uraia wa Japani, kwa maana asiye raia hawezi kuwa mwalimu mwenye nyumba yake, na baadaye akairithi nyumba ya Miyagino. Mwaka 2024 ilidhihirika kwamba mwanafunzi wake Hokuseiho alikuwa akiwatesa wadogo zake nyumbani humo, na mwalimu alilaumiwa kwa kutolisimamia wala kuliripoti jambo hilo. Alishushwa cheo, nyumba ikafungwa, wanafunzi wakahamishiwa kwa Isegahama. Na Juni 2025 Hakuho akajiuzulu katika chama cha sumo. Mtu aweza kubishana juu ya ukubwa wa adhabu, lakini shtaka lenyewe lilikuwa wazi: tendo lilitajwa, walioumizwa walijulikana, na wajibu wa mwalimu haukuwa na utata.

Tuzilinganishe sasa hukumu hizi mbili. Ya pili yaweza kupimwa, kujibiwa na hata kumfunza mtuhumiwa. Ya kwanza, ile ya kukosa hinkaku, mara nyingi ilitolewa bila kipimo, na neno lisilo kipimo humwangukia mgeni kwa uzito kuliko mwenyeji. Mwenyeji akikosea huambiwa amekosea. Mgeni akikosea huambiwa ndivyo alivyo.

Sisi tunaofundisha Kiswahili mbali na mwambao tunaujua uzito huo. Mwanafunzi wa Bujumbura, Kampala au Bukavu huweza kuandika insha yenye upatanisho kamili wa sarufi, kisha akarudishiwa karatasi iliyoandikwa kwa wino mwekundu: "Hiki si Kiswahili." Hajui afute nini, wala abakize nini. Pengine kasoro ipo, na ni wajibu wetu kuionyesha: methali imetumika pasipo mahali pake, au sentensi imejengwa kwa mtindo wa lugha nyingine. Lakini kasoro itajwe kwa jina lake, na itajwe vivyo hivyo inapotoka kwa mzawa wa pwani.

Hakuho alifika akiwa na kilo 62 na bila lugha, akaondoka akiwa na rekodi ambazo hakuna mzawa aliyezifikia. Alikuwa na makosa, nayo yanatajika moja baada ya jingine. Mhakiki mwadilifu ayataje yote, kisha asimame hapo.