Barua za Kilwa za 1711: Zaidi ya Ushahidi wa Ukale wa Lugha

Barua za Kilwa za mwaka 1711, ambazo nakala zake asilia zimehifadhiwa Goa, India, zimepata umaarufu kwa sababu moja kubwa: umri wake. Kwa kuwa zimo miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili yaliyosalia, hutajwa mara kwa mara katika maelezo ya historia ya lugha hii, aghalabu kwa sentensi moja, kisha mjadala ukahamia kwenye tenzi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba sifa hiyo ya ukale imezifunika barua zenyewe. Barua hizo zilitoka katika mazingira ya watawala na wakuu wa mji mmoja, akiwamo mtawala mwanamke, Fatima binti Muhammad, na ziliandikwa ili kutimiza jambo. Kuzisoma kama ghala la maumbo ya kale ya maneno tu ni kuiacha nusu ya maana yake.

Jambo hilo halieleweki bila kuzingatia hali ya siasa. Mnamo Desemba 1698 Waomani waliitwaa Ngome ya Yesu ya Mombasa, na Wareno wakapoteza kituo chao kikuu cha kijeshi katika mwambao wa Waswahili. Barua za Kilwa zilielekezwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao wenyeji. Wareno hao ndio walioiteka Kilwa mwaka 1505. Kwa hiyo mtawala aliyewaandikia mwaka 1711 aliandika akiwa kati ya dola mbili, moja yenye nguvu mpya na nyingine yenye historia ya mabavu. Aidha, waraka unaosafirishwa baharini waweza kuangukia mikononi mwa adui. Katika mazingira hayo, yanayonyamaziwa yana uzito sawa na yanayosemwa, wala salamu haiwezi kuchukuliwa kuwa pambo.

Hapa ndipo uhakiki wa utanzu unapohitajika. Barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, kama zinavyodhihirika katika mkusanyo alioutoa Büttner mwaka 1892, zina muundo unaotambulika: anwani yenye sifa za mpokeaji, salamu na dua, fungu la maneno la kuvukia kwenye shabaha, shabaha yenyewe, kisha kimalizio. Sehemu za mwanzo na mwisho huelemea Kiarabu, ilhali shabaha huelezwa kwa Kiswahili. Mgawanyo huo hupanga vyeo, huweka heshima, na huchelewesha ombi hadi uhusiano uthibitishwe. Mhariri anayefupisha salamu kwa kudhani kwamba ni maneno ya mazoea huondoa mahali ambapo mwandishi wa barua alipima mamlaka yake mbele ya mpokeaji. Barua za 1711 zinapaswa kulinganishwa na hizo za karne ya 19 ili ibainike kipi kilikuwa desturi na kipi kilikuwa uamuzi.

Tatizo la pili ni la hati. Alfabeti ya Kiarabu ina alama tatu tu za irabu fupi, na haina herufi asilia za sauti kama p, v na ch. Katika uandishi wa zamani, herufi ba iliweza kusimamia b, p au mb, na alama moja ilisimamia i na e. Kwa kanuni hizo, maneno “bibi” na “pembe” yanaweza kuandikwa kwa sura moja. Katika waraka wa mji uliotawaliwa na mwanamke na ulioishi kwa biashara, tofauti hiyo si ndogo. Ni dhahiri basi kwamba kila unukuzi kwa herufi za Kirumi ni ufasiri. Unukuzi unaofuata Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja na ambacho usanifishaji wake ulisimamiwa na kamati iliyoanza kazi mwaka 1930, unaweza kuzipa barua hizo sauti ambazo mji wa Kilwa haukuwa nazo.

Hata lugha ikinukuliwa kwa uangalifu, swali la msemaji hubaki. Mtawala aliweza kutamka na katibu akaandika. Umbo la lahaja linaloonekana katika waraka laweza kuwa la mtawala, la katibu, au la desturi ya uandishi iliyovuka mipaka ya miji. Mwanaisimu anayeiita lugha hiyo “Kiswahili cha Kilwa” hana budi kwanza kubainisha ni sauti ya nani anayoichambua.

Inawezekana kupinga kwamba barua za utawala si fasihi, na kwamba historia ya fasihi andishi inaanza kwa haki na kazi kama Utendi wa Tambuka, unaohusishwa na mwaka 1728. Pingamizi hilo hupima nathari ya zamani kwa kigezo cha ushairi. Uteuzi wa sifa, mpangilio wa hoja na udhibiti wa kauli ni ufundi wa lugha hata pale unapotumika kuomba ulinzi au kulinda biashara.

Kinachohitajika ni toleo lenye ngazi nne: picha ya waraka, unukuzi wa herufi kwa herufi, usomaji uliopendekezwa pamoja na mbadala wake, na tafsiri ya Kiswahili cha leo. Toleo la namna hiyo litamwezesha mwanafunzi kumpinga mhariri. Bila hilo, wasomi wataendelea kujivunia barua ambazo wengi wao hawajazisoma.