Fani ya Kuuliza

Katika fani zote ambazo mwanadamu amezibuni ili kuitenga haki na batili, sijui iliyo ngumu kuliko fani ya kuuliza. Kwani kusema kila mtu husema, lakini kumuuliza mtu jambo alijualo hata likatoka kinywani mwake zima, pasipo kuongezwa wala kupunguzwa, mbele ya hakimu asiyemfahamu na mbele ya wakili mwingine aliyejiandaa kumkadhibisha, ni ustadi usiopatikana kwa kuzaliwa nao wala kwa kusoma vitabu peke yake. Nataka kuusifu ustadi huo, pamoja na mafunzo yanayouzaa, kwa ajili ya kundi moja la mawakili ambao aghalabu hudhaniwa kuwa hawana haja nao, nao ni mawakili wa miliki ubunifu, wasimamizi wa hataza, alama za biashara na hakimiliki.

Dhana hiyo ina asili yake. Kazi ya mawakili hao, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya kalamu: huandika madai ya hataza neno kwa neno, huyapeleka kwa Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, hulipa ada, hujibu barua za mkaguzi, na mmoja wao aweza kupitisha miaka mingi ya heshima katika kazi yake bila ya kumwona shahidi akila kiapo. Lakini siku ugomvi uzukapo, karatasi zile huitwa mbele ya Baraza la Mali ya Viwanda, lililowekwa chini ya Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001, na asiyeridhika na uamuzi wake hukata rufani Mahakama Kuu. Na siku hiyo ndipo inapobainika kuwa karatasi, hata iwe imeandikwa kwa ufasaha wa namna gani, haina ulimi wa kujitetea.

Sheria hiyo yataka uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya ubunifu ndani yake, na uweze kutumika katika kazi; ukitimiza hayo, mwenyewe hupewa himaya ya miaka 20. Na kuhusu upya, sheria haitazami vitabu tu: jambo lililokwisha kudhihirishwa kwa watu popote duniani, kwa maandishi au kwa maneno ya kinywa au kwa kutumiwa hadharani, si jipya tena. Naomba msomaji atafakari uzito wa kanuni hiyo kwa watu wa Ziwa Viktoria, ambao maarifa yao mengi hayakuandikwa kamwe, na ambao maktaba yao ni vichwa na mikono ya wazee.

Mtu akitaka kuyaona maarifa hayo kwa macho, na ashuke Luanda Kotieno, katika Rarieda ya kaunti ya Siaya, mahali feri inapong'oa nanga kuvuka kwenda Mbita. Alfajiri mashua za omena, dagaa wa Ziwa, hurudi na taa zao, wanawake wakapokea samaki na kuwatandaza juu ya nyavu kuukuu zilizolazwa mchangani, wakiwageuza kadiri jua linavyopanda. Na katika kazi hiyo ionekanayo nyepesi mna mamia ya hila ndogo ndogo, za fundo na za uzito, za kuweka taa na za kusoma upepo, ambazo kila moja ilivumbuliwa na mtu. Ng'ambo ya maji, huko Mbita, kuna kituo cha utafiti cha icipe, taasisi ya sayansi ya wadudu, kinachoitwa kwa jina la Thomas Odhiambo, mwanachuoni aliyeiasisi taasisi hiyo mwaka 1970, na huko ndiko kulikokuzwa ile njia ya kupanda desmodiamu kati ya mahindi na majani ya tembo pembezoni, hata viwavi wa bua wakafukuzwa na kayongo, gugu linalonyonya mahindi, likadhoofika. Mji huo huo wa Mbita ndio uliopata, mwaka 2008, kituo cha kuchajia taa za wavuvi kwa nguvu ya jua, kilichofunguliwa na kampuni ya Osram ya Ujerumani. Kwa hiyo mwambao huu si maskini wa uvumbuzi, wa kale wala wa kisasa. Ulipopungukiwa ni katika mawakili wanaojua kuuliza.

Tuseme fundi mmoja amepata hataza ya chelezo kinachoishika taa ya omena isilale wala isizunguke mawimbini, na mshindani wake, akishitakiwa kwa kukiiga, adai kuwa vyelezo vya namna hiyo vilitumika hapa tangu zamani. Shahidi wake ni mzee mvuvi asiyejua kusoma. Hilo ni zoezi zuri la darasani. Wakili kijana husimama kwa kujiamini, akauliza: "Mzee, si kweli kwamba chelezo kama hiki mlikuwa mkikitumia tangu zamani?" Mzee hujibu, "Ndiyo," na wakili huketi ameridhika.

Hapo mwalimu husimamisha zoezi. Njia inayofuatwa na wakufunzi wengi wa fani hii ni ile iliyopangwa na George Hampel, aliyekuwa jaji katika jimbo la Victoria nchini Australia: mwalimu hutaja kasoro moja tu, si kumi, humsomea mwanafunzi maneno yake mwenyewe kama alivyoyatamka, humweleza kwa nini ni kasoro, humwonyesha dawa, huitenda dawa hiyo mbele yake, kisha humtaka arudie. Na kasoro ya kijana wetu ni kwamba aliyetoa ushahidi ni yeye mwenyewe, mzee aliitikia tu. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, iliyoanza kutumika Desemba 1963, haimruhusu wakili kumwekea shahidi wake jibu ndani ya swali upande wa pili unapopinga, ila kwa idhini ya mahakama; na hata pasingekuwa na sheria, akili timamu huona kuwa "ndiyo" ya mtu aliyeongozwa haina thamani.

Kijana hurudia. "Mzee, usiku mlipokuwa mkivua omena, taa ilikaa juu ya nini?" "Ilikaa juu ya chelezo cha mbao." "Upepo ulipovuma, mlifanya nini?" Hapo mzee huisahau mahakama, mikono yake ikaanza kazi hewani, akasema: "Tulifunga jiwe chini kwa kamba fupi, na taa ikasimama." Katika sentensi hiyo moja hataza nzima yaweza kuanguka, na haikutoka katika kitabu chochote.

Lakini fani haijakamilika mpaka upande wa pili nao uulize, na dodoso ndilo tanuri la kuupimia ushahidi. Wakili wa fundi hana haja ya kumkaripia mzee wala kumwita mwongo. Maswali yake ni mafupi, kila moja limebeba jambo moja. "Jiwe lilining'inia kwa kamba?" "Ndiyo." "Kamba iliweza kujisokota?" "Iliweza." "Ikijisokota, taa ilizunguka?" "Ilizunguka." "Mzee, kishike chelezo hiki cha fundi, ukijaribu. Taa yake yazunguka?" Mzee hukigeuza, hukitikisa, hukitazama kwa jicho la mtu aliyeishi na taa maisha yake yote, kisha husema, "Hapana. Hii haizunguki." Wakili huketi bila ya kuongeza neno. Basi mahakama imekwisha kuujua mpaka kati ya urithi wa wote na jasho la mmoja, na mpaka huo umechorwa na mtu mmoja mkweli aliyeulizwa vizuri mara mbili. Uzuri wa fani hii, kwangu, umo hapo: ukifanywa kwa uaminifu, ushindani wa mawakili wawili huizaa kweli ambayo hakuna mmoja wao angeizaa peke yake.

Na ugumu huzidi, kwa sababu lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na mzee wa Luanda Kotieno atasema kwa Kijaluo kupitia mkalimani. Swali refu lenye vishazi vitatu huvunjika njiani; swali fupi huvuka salama. Kwa hiyo mafunzo yasiyomweka mkalimani kati ya wakili na shahidi humwandaa kijana kwa mahakama isiyokuwepo.

Nchi hii ya Ziwa ina nasaba katika fani hiyo. Argwings-Kodhek, mwana wa Gem, Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuwa wakili, aliwatetea watuhumiwa wa Mau Mau katika miaka ya hali ya hatari, wakati ambapo swali moja lililoulizwa vibaya liliweza kumpeleka mtu kitanzini. Na katika kesi ya maziko ya S. M. Otieno mwaka 1987, iliyoisha kwa marehemu kuzikwa Nyalgunga, Siaya, Richard Kwach, wakili wa ukoo, na John Khaminwa, wakili wa mjane, walishindana mbele ya Jaji Bosire juu ya mila ambazo ithibati yake kubwa ilikuwa vinywa vya mashahidi, miongoni mwao mchimba kaburi na mwanafalsafa Odera Oruka, wote wawili wakiulizwa na kudodoswa. Kesi hiyo haikuhusu hataza, lakini ilithibitisha kuwa maarifa ya watu yasiyoandikwa yaweza kuingia mahakamani kwa taadhima, ikiwa pana wakili anayejua kuyafungulia mlango. Tangu mwaka 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi, inayozitaka kaunti ziyasajili; sajili hizo nazo zitabishaniwa siku moja, na wenye kuzitetea watakuwa wazee.

Chuo cha Sheria cha Kenya humfundisha kila wakili mtarajiwa utetezi wa mahakamani, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini ustadi huo huingia kutu kwa yule anayekwenda kuishi na mafaili ya hataza. Ninawasihi basi Chama cha Mawakili, Chuo hicho na Taasisi ya Mali ya Viwanda wawarudishe mawakili wa miliki ubunifu darasani kila mwaka, na darasa hilo waliweke Kisumu na katika fuo za Ziwa, wakiwaalika wavuvi, mafundi na wakalimani wa kweli wakae kizimbani, nao walipwe kwa siku yao. Na wewe kijana uliyejifunza kuandika madai ya hataza yasiyo na ila, jifunze pia kumuuliza mzee swali fupi, ukanyamaza, ukamsikiliza mpaka amalize.